Chekecheke la Bersaba

Lilikaa dirishani, chini ya msumari mtupu:
duara la mti, ngozi ya kondoo imewambwa kwa chini,
na ndani vifungo, pini, risiti ya makaa ya mwaka sitini na tatu,
jino la mtoto.
La nani? Hakuna ajuaye.

Bibi Bersaba alizikwa Jumanne, mvua ikija mlalo
kama ijavyo kule Camborne: haianguki, inaingia.
Alhamisi tukaja kugawana vyombo,
mimi, shangazi Loveday, na kaka yangu Digory
aliyehamia ng'ambo ya mto Tamar,
mto ambao, asema shangazi, mtu huuvuka na lafudhi yake
akarudi Krismasi bila hata nusu.

"Hii ni ngoma," nikasema.
"Ni chekecheke," akasema shangazi. "Mama hakulipiga hata siku moja."

Kwa Kikornishi huitwa croder croghen, chekecheke la ngozi.
Nilijifunza ukubwani, darasa la jioni, watu tisa na birika la chai.
Jina hilo hunichekesha: chekecheke lisilo na tundu
huchekecha nini?
Huacha nini kipite?

Babu aliimba besi kanisani na wachimbaji wenzake,
wanaume waliokohoa vumbi la bati kati ya ubeti na ubeti.
Wimbo mmoja ulikuwa wa Kikornishi. Hakuelewa neno.
Aliubeba kama mtu abebaye barua ya jirani,
bahasha imefungwa, mkono safi.
Benchi la besi sasa lina watu watatu;
mmoja ni fundi wa mabomba kutoka Poland
na ndiye anayeshika sauti.

Digory alipokuwa na miaka kumi na tisa, baani Falmouth,
mgeni alimsikia akipiga mluzi, akauliza, "Ya Waayalandi hiyo?"
Akajibu ndiyo.
Hajawahi kutusimulia. Nilikuwepo.

Labda ndiyo sababu ni yeye aliyemwaga vifungo mezani,
akakigeuza kitu kile, akakipiga.
Punje moja ya shayiri ikaruka kutoka ufa wa ukingo.
Wahenga husema ngoma ikivuma sana hupasuka;
hii haikuvuma, na ufa ulikuwepo vilevile.
Sauti yake ilikuwa ya chini,
kama mtu abishaye hodi kwa goti
kwa sababu mikono imejaa.

"Weka chini," akasema shangazi.
Digory akapiga.
"Si hivyo. Kwa mgongo wa mkono. Legeza kifundo."

Tukamtazama.

"Nilisema mama hakulipiga. Sikusema baba."
Akachukua kitambaa, akafuta sahani iliyokwishafutwa.
"Mgodi ulipofungwa alilipiga kila usiku, wiki tatu,
hapo hapo uliposimama, hasemi neno.
Majirani hawakulalamika. Nao hawakuwa wanalala.
Usiku wa ishirini na mbili mama alileta kopo la vifungo,
akamimina ndani, polepole,
kama unavyomwagia moto maji usitake kutimua jivu."

Birika likalia, hakuna aliyeliendea.
Shangazi akalitwaa lile duara, akaliegemeza begani,
akapiga mara nne, au tano,
mdundo unaochechemea, wenye mguu mmoja mfupi,
nami nikautambua: ndivyo anavyokanda unga, miaka yote.

Sahani tuligawana. Vifungo viko kwangu, na jino.
Kuhusu chekecheke hatukuafikiana,
basi tukalirudisha kwenye msumari wa babu, ngozi ikitazama chumba,
hadi nyumba ipate mteja.
Alipatikana Mei, mtu wa London, wa kiangazi na wikendi,
mpole, viatu vipya.
Akauliza kama lile pambo limo katika bei.

"Msumari umo," akasema shangazi Loveday.